STUDIO ILIKUWEPO KABLA YENU, ACHENI KUTUDANGANYA!

Leo sina umbea wa nani kaachana na nani, wala nani kanunuliwa gari na nani. Leo nimekasirika, na nakuomba unisome mpaka mwisho hata kama bando linaisha.

Kuna klipu imezunguka sana kwenye simu za watu wiki hii. Staa mmoja wa filamu za Kibongo, jina kapuni, kakaa kwenye kochi, kavaa miwani ya jua ndani ya nyumba, anahojiwa. Mtangazaji kamuuliza kuhusu historia ya maigizo na TV hapa kwetu. Jamaa bila hata kumeza mate kajibu kwamba kabla ya kizazi chao hakukuwa na kitu, lilikuwa giza tu, wao ndo waliowasha taa. Mtangazaji naye badala ya kumbana, kacheka na kupiga makofi. Huko chini watu wanamwaga vimoto na vikopa, "legend", "mfalme", "baba lao".

Hivi kweli?

Mi sijasoma sana, sitaki kukudanganya. Nimeishia kidato cha nne, niko zangu hapa Kharumwa, makao makuu ya wilaya ya Nyang'hwale, nauza vocha na kuingizia watu nyimbo kwenye flashi. Lakini hata mimi wa huku machimboni najua kwamba alichosema yule bwana siyo kweli. Na nikikwambia kwa nini kimeniuma utanielewa, maana mwisho wa stori hii inamhusu marehemu baba yangu.

TUANZE NA ZENJI

Mwaka 1973 Zanzibar ilianzisha stesheni yake ya televisheni, Televisheni Zanzibar, wengi tunaijua kama TVZ. Ikazinduliwa Januari 1974, kwenye sherehe za miaka kumi ya Mapinduzi. Na haikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe. Ilikuwa ya RANGI. Ndo inayotajwa kuwa televisheni ya kwanza ya rangi Afrika yote ya kusini mwa Sahara.

Soma tena hapo juu kisha tulia.

Wenzetu Kenya walikuwa na TV tangu 1962, Uganda tangu 1963, lakini zilikuwa nyeusi na nyeupe. Afrika Kusini, nchi ambayo huku kwetu kila mchimbaji anaitaja kwa ajili ya dhahabu yake na mitambo yake, haikuwa na televisheni kabisa mpaka Januari 1976. Matajiri wale! Serikali ya makaburu iliiogopa TV ikaikataa miaka na miaka. Uingereza wenyewe, waliowatawala watu wote hao, walianza kurusha rangi mwaka 1967 tu. Kwa hiyo kati ya London na Unguja kuna tofauti ya miaka kama saba hivi. Leo simu mpya ikitoka huko majuu, Kharumwa tunaisubiri muda gani kabla ya kuiona mkononi mwa mtu?

Na pesa ilitoka wapi? Zanzibar ya wakati ule ilikuwa inaishi kwa karafuu. Hakukuwa na mgodi wala gesi. Zao la kuchuma mtini kwa mkono, likaanikwa juani, likauzwa nje, nchi ikapata fedha za kigeni, na kwenye mambo waliyoamua kufanya ikawemo studio.

Aliyeisukuma ndoto ile ni Mzee Abeid Amani Karume. Hakuiona. Aliuawa kwa risasi tarehe 7 Aprili 1972, mambo yakiwa bado njiani. Jengo la TVZ wakaliita Karume House, na stesheni ikaendelea mpaka mwaka 2013 ilipounganishwa na redio, Sauti ya Tanzania Zanzibar, ikazaliwa ZBC. Jina TVZ likaishia hapo. Kama miaka arobaini ya kazi.

Sasa fikiria miaka arobaini hiyo ina watu wangapi. Wapiga kamera, mafundi wa taa, fundi mitambo, watangazaji, waigizaji, wapambaji wa jukwaa, madereva. Walirekodi taarab, maigizo, habari, hotuba, mashindano. Wote kwa Kiswahili, tena kile cha wenyewe. Yule staa alipokuwa bado hajazaliwa, kuna dada wa Kiunguja alikuwa amekaa mbele ya taa kali anasoma taarifa ya habari kwa rangi. Halafu leo mtu anakaa kwenye kochi anasema lilikuwa giza!

MBONA BARA TULILALA?

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika huko chini: "Hiyo ni Zenji bwana, sisi bara hatukuwa na kitu." Sawa, tuongee.

Kwanza siyo kweli kwamba hatukuwa na kitu. Mwaka 1968 ilianzishwa Tanzania Film Company, shirika la umma la filamu. Wao ndo waliotoa Fimbo ya Mnyonge miaka ya 1970, filamu ya kuhamasisha ujamaa, na miaka ya 1980 ikaja Arusi ya Mariamu, inayoongelea tiba za asili na hospitali. Kulikuwa pia na taasisi ya serikali ya sauti na picha pale Dar. Mzee mmoja jirani yetu huwa anatusimulia gari la sinema lilivyokuwa likifika kijijini kwao, wanatundika shuka jeupe, watoto wanakaa mbele vumbi tupu, kuku wenyewe hawalali.

Ila televisheni, hapo ni kweli. Mwalimu Nyerere aliikataa kwa bara. Aliona ni anasa ya watu wachache wa mjini wakati vijijini hakuna maji wala zahanati. Bara tulisubiri mpaka 1994 ndipo stesheni binafsi zikaanza, ITV, DTV na CTN, na TvT ya serikali ikafuata kuelekea mwaka 2000. Yaani nchi moja, rais mmoja, upande mmoja una TV ya rangi, upande wa pili miaka ishirini hauna hata ya kijivu.

Mwalimu alikosea? Mi nitasema ukweli wangu. Mtoto wa Kharumwa hawezi kusema maji siyo muhimu, mama zetu wamebeba sana ndoo kichwani. Kwa upande huo mzee alikuwa na hoja. Lakini gharama yake tumeilipa. Miaka ishirini hiyo bara hakukuwa na sehemu ya kijana kujifunzia kazi ya televisheni akiiona inafanyika. 1994 ilipofika watu walianza upya, kwa kubahatisha, kwa kamera za kuazima, hadithi inatungwa pale pale. Ndo maana kizazi kile kikajiona kimeanza peke yake. Siwalaumu kwa kutokujua. Nawalaumu kwa kutouliza, na kuona fahari juu yake.

Na msije kunibadilishia maneno. Sijasema TVZ ilikuwa peponi. Ilikuwa ya serikali, enzi za chama kimoja, kilichorushwa ni kile wakubwa walichotaka kirushwe. Watu wenye seti ya TV majumbani hawakuwa wengi. Yote nayakubali. Lakini chombo cha serikali nacho kina mafundi, na fundi akishajua kupanga taa anajua, hata kama anayekaa kwenye kiti ni waziri.

SASA KANDA ZIKO WAPI?

Hili ndo swali langu la leo, na ndo lililonifanya nikose usingizi.

Wewe unayesoma hapa umezaliwa na simu mkononi. Umewahi kuona hata dakika moja ya vitu vilivyorekodiwa kwenye studio ile miaka ya 1970? Dakika moja tu. Siyo picha ya jengo, namaanisha mtu anatembea, anaongea, anaimba. Mimi nimetafuta mpaka bando la wiki likaisha siku mbili. Niliyoyapata mengi ni ya juzi juzi.

Nikaanza kusoma kuhusu kanda za video, kumbe ni kitu dhaifu sana. Kanda za studio za wakati ule zilikuwa na upana wa inchi mbili. Kanda moja ya saa moja unaibeba kama tofali, na bei yake ilikuwa kubwa mno. Kwa hiyo stesheni nyingi duniani zikawa na tabia moja: kipindi kikisharushwa, unachukua kanda ile ile unarekodi kingine juu yake. Cha zamani kinafutika moja kwa moja. Na ile isiyofutwa, unyevu unaifanya gundi yake iwe nta, inanata. Halafu hata ikipona, mashine ya kuichezea haitengenezwi tena. Unaweza kuwa na kanda nzima kabisa kabatini na usiwe na pa kuiweka uione.

Msidhani ni umaskini wa Afrika. BBC, wale wakubwa, walifuta vipindi vyao vingi tu. Tamthilia yao maarufu ya Doctor Who ya miaka ya 1960 mpaka leo ina vipande zaidi ya 90 havijulikani vilipo. Wamarekani nao! Wamekwenda mwezini 1969, mwaka 2009 NASA wakakiri kwamba kanda zao halisi za kule mwezini huenda zilifutwa ili zitumike tena. Bahati yao ni kwamba stesheni nyingine zilikuwa na nakala.

Umeona hapo? Nakala. Ndo tofauti kati ya kitu kupotea na kitu kupona.

KANDA YA BABA

Sasa nikupe ya kwangu.

Mwaka 2009 dada yangu mkubwa alifanyiwa sendofu hapa Kharumwa. Baba alikuwa na pesa kidogo wakati ule, duara lao lilikuwa limetema. Akamlipa jamaa mmoja wa shutingi, alikuwa na kibanda chake cha video na kamera ya mkanda mdogo, ndo alikuwa studio ya mji mzima. Harusi, misiba, ubatizo, mikutano ya siasa, yote yeye.

Siku ile MC alimpa baba kipaza sauti. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, ila aliongea. Nilikuwa mdogo, nakumbuka tu alianza Kisukuma akamalizia Kiswahili, watu wakacheka, mama akalia. Alisema nini hasa, sikumbuki. Nilikuwa bize na soda.

Miaka miwili baadaye kifusi kilimfunika kazini. CD tuliyopewa ya sendofu watoto walishaichubua zamani, haisomi kwenye deki yoyote. Picha ya baba tunayo moja, ya kitambulisho, kakunja sura kama anagombana na mtu. Sauti yake hatuna.

Nikiwa na miaka ishirini nikamfuata yule jamaa wa shutingi. Kibanda kilishafungwa, siku hizi anaendesha karasha la kusagia mawe. Nikamsalimia shikamoo kaka, nikamweleza shida yangu. Aliniangalia kwa huruma kweli, siyo mtu mbaya. Akaniambia, "Mdogo wangu, mikanda ile nilikuwa narekodia juu yake. Harusi ya Jumamosi hii inafuta ya Jumamosi iliyopita. Na kompyuta niliiuza Kahama na hadi disk yake humo humo. Kazi za watu wote hao ningezitunzia wapi?"

Niliondoka pale siwezi hata kumchukia. BBC walifanya hivyo hivyo, kwa sababu hiyo hiyo, kanda ni ghali. Ila mama nilipomwambia alikaa kimya muda mrefu, halafu akaniuliza, "Kwa hiyo na wale waliozikwa miaka ile, wote wamefutika?"

Sikuwa na jibu. Na sasa nikisikia staa mzima, mwenye kamera tano na watu kumi wa kumpaka poda, anasema kwamba zamani hakukuwa na kitu, nasikia kama ananiambia baba hakuongea siku ile. Aliongea! Watu walicheka, mama alilia. Kutokuwepo kwa kanda hakumaanishi hakukuwa na mtu.

KWA STAA WETU

Kaka, najua hutasoma hii, ila mashabiki wako watasoma.

Kwanza, Kanumba. Steven Kanumba ni mtoto wa huku kwetu, kazaliwa Shinyanga. Kabla ya hizo filamu za CD alipitia kundi la Kaole, maigizo yao yalionekana ITV. Huku kwetu tuliyaona kwenye kibanda umiza, jenereta inanguruma nje, dishi limefungwa kwa waya wa banda la kuku. Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili 2012. Angalia tarehe hiyo vizuri. Ni Karume Dei. Miaka arobaini kamili tangu mzee wa studio ya Zenji auawe.

Wewe unajiita mrithi wa Kanumba. Nikuulize: yale maigizo ya mwanzo kabisa ya Kaole yapo yote? Safi, yanaonekana? Filamu zako za kwanza ulizouza kwa jumla ukapewa hela ya mkupuo, nakala yake halisi unayo? Maana tunawasikia wasanii kila siku mnalalamika mliuza haki zote kwa wasambazaji. Kama kopi pekee ni ile iliyokatwa katwa na mtu asiyejulikana akaitupia mtandaoni, ikiwa imezungushwa na maandishi ya kamari juu yake, basi miaka thelathini ijayo kuna kijana atakaa kwenye kochi kama lako, atavaa miwani kama yako, atasema kabla yake lilikuwa giza. Wewe ndo utakuwa hilo giza. Utajisikiaje?

Pili, mtangazaji aliyepiga makofi, na wewe jina kapuni. Kazi yako ilikuwa ni kusema "subiri kidogo, vipi kuhusu TVZ?" Sentensi moja tu. Kama mtu wa vocha Kharumwa anaijua, wewe wa mjini mwenye intaneti ya bure ofisini umeshindwaje?

TUFANYE NINI

Sitaki kulalamika halafu niondoke.

Stesheni za zamani, za serikali na za binafsi, fungueni makabati. Kilichopona kihamishwe kwenye mfumo wa kisasa sasa hivi, kwa sababu kila masika yanapita na kanda zake. Wazee waliofanya kazi Karume House miaka ile wengi ni watu wa miaka sabini na zaidi. Kama kanda zimefutika, wao hawajafutika. Mtu aende na simu tu, awarekodi. Nani alishika kamera ya kwanza, taa zilipangwaje, siku umeme ulipokatika katikati ya kipindi walifanyaje. Hiyo ni dhahabu kuliko interviu ya mia moja ya nani kamwacha nani. Na hapo najisema hata mimi.

Wapiga video wa mitaani, ndugu zangu wa Kharumwa, Kahama, Geita mpaka Katoro: kazi ya mtu usiifute kabla hujampigia. Mwambie, "lete hadi disk yako nikuwekee." Atakuletea. Na akikulipia buku tano ya kutunza, chukua, ni biashara hiyo.

Wenye madini yenu. Zanzibar walikuwa na karafuu wakaacha studio. Sisi tuna Bulyanhulu hapo jirani, tuna maduara kila kona, mawe yanasagwa usiku na mchana. Mkipata mnanunua gari la pili na la tatu. Sikatazi, jasho ni lenu. Lakini kijana mmoja tu mwenye kamera, chumba na kompyuta angetosha kuweka sauti za wazee wa Nyang'hwale zisipotee. Bei yake haifiki hata matairi ya hayo magari.

Na wewe unayesoma. Leo leo, siyo kesho. Mfuate baba, mama, bibi, babu, yeyote aliyebaki. Bonyeza rekodi. Mwache aongee dakika tatu, hata akikuuliza unanirekodi ya nini mwanangu. Kisha weka sehemu mbili, simu moja ikiibiwa nyingine ibaki. Ningekuwa na dakika tatu za baba nisingeandika hii.

Kama una mzee wako aliyefanya kazi TVZ au TFC, au una kanda kabatini hujui ikoje, dondosha hapo chini tuzungumze. Na kama wewe ni timu ya yule staa, njoo na tarehe. Matusi nimeshayazoea, tarehe ndo hamjawahi kuniletea.